Sirop ya Maman Clémence

Fabien Zihalirwa alikuwa na aibu ya vitu vingi, lakini mwaka ule aibu yake kubwa ilikuwa mama yake mzazi.

Aliona aibu jinsi mama alivyosinzia mezani mchana kweupe, kijiko mkononi. Aliona aibu jinsi vidole vyake vilivyopigapiga hewani kila aliponyoosha mkono kusalimu. Na ile Jumapili directeur wake wa kazini alipokuja kula nyumbani kwake Muhumba, mtaa wa wenye nafasi, mama akamtazama yule mzee wa suti kuanzia viatu hadi kipara, kisha akamwuliza kama amekuja kwa ajili ya mbuzi, Fabien alicheka kicheko kirefu kuliko cha mgeni mwenyewe. Halafu akamshika mama mkono, akampeleka chumba cha nyuma na kugeuza ufunguo.

Maman Clémence alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Watu wazima wengi wa mtaa wa Kadutu walijifunza kusoma mbele yake, na Fabien mwenyewe alikuwa mmoja wao. Sasa alishindwa kufunga vifungo vya blauzi. Siku moja alilia tangu asubuhi bila kujua anamlilia nani. Siku nyingine aliwatukana wajukuu kwa maneno ambayo hakuna aliyejua kwamba anayajua. Tumbo lilikuwa limejaa kama la mjamzito, miguu imevimba, macho yameanza umanjano. Mambo hayo hayakumsumbua Fabien. Gauni pana lilifunika tumbo, na wageni hawana kawaida ya kutazama miguu ya wazee.

"Mama yako iko na roho," mkewe Charlène alimwambia. "Berger wetu wa maombi alisema vile hata mbele amuone."

"Alijua bila kumuona?"

"Ni kipaji, Fabien."

Mtu mwenye licence ya chuo kikuu ukutani, aliyezoea kudai risiti tatu kazini kabla ya kusaini ununuzi wa kalamu, angeweza kuuliza kipaji hicho kinafanyaje kazi. Fabien hakuuliza. Alifikiri kwa namna yake: wazimu ni kitu cha ukoo, watu watasema hata watoto wake wanao. Roho inatoka nje, inaingia, inafukuzwa. Akachagua roho.

*

Berger Parfait alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi alichosali Charlène. Kabla ya kuitwa na Mungu alikuwa akiuza magari ya mitumba, na sauti ya kazi ile haikuwa imemtoka. Alimzunguka Maman Clémence mara mbili pale kitini kama mtu anayekagua matairi, akamwekea mkono juu ya kichwa, akafumba macho.

"Ziko mbili," alisema. "Roho ya usingizi na roho ya matusi. Zinakula pamoja. Tukizinyima chakula, zitatoka."

"Tufanye nini, Berger?"

"Siku tatu kavu. Hata maji hapana."

Aliyasema hayo akiwa ameshika sahani ya pili ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Charlène alimwongezea ndimu.

Siku ya kwanza Maman Clémence hakulalamika. Siku ya pili aliomba maji. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Mashi, lugha ya kwao, akaomba kwa Kifaransa kile kizuri cha darasani, "s'il vous plaît" ikiwa mwishoni, kama alivyowafundisha watoto wa watu.

"Usimupe," Charlène alimwambia mume wake mlangoni. "Si yeye anaomba. Ni ile kitu."

Fabien alisimama na gilasi mkononi. Kwa dakika nzima alikuwa karibu kuwa mwanaume. Kisha akayanywa yeye.

*

Siku ya tatu, saa nane mchana, Gloire akafika. Alikuwa dada yake Fabien, mshonaji wa nguo kule Kadutu, ambaye kaka yake alipendelea aingilie mlango wa jikoni. Alimkuta mama chali, midomo imepasuka, pumzi ikinuka kitu kitamu na kibaya kama matunda yaliyoharibika. Alimwita. Akamtingisha. Akamfinya sikio. Jicho moja likafunguka, likapita juu ya uso wa binti yake bila kutua, likafumba.

"Tangu lini iko hivi?"

"Anapumuzika," Charlène alisema. "Ile roho iko inatoka."

"Nauliza tangu lini!"

"Gloire, tafazali, punguza sauti, tuko na majirani," Fabien alisema. "Imebaki masaa ine tu. Berger alisema tukikata katikati kazi yote inaharibika."

Gloire alimtazama kaka yake, shati lake lililopigwa pasi, saa yake kubwa ya mkononi aliyokuwa akiitazama hata wakati huo. Hakumjibu. Alitoka nje akamwita Christophe, sentinelle wa geti, na wawili hao wakambeba mzee ndani ya shuka hadi barabarani. Charlène aliwafuata hadi kwenye ngazi akiomba wamzungushe kwa nyuma, watu wasione.

*

Hospitalini, Docteur Agathe alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi wa wiki nzima. Alibonyeza tumbo la mgonjwa, akainua mkono wake na kuangalia jinsi ulivyodondoka, kisha akauliza swali ambalo Fabien, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na tai shingoni, aliliona ni la kumkosea heshima.

"Alienda choo siku gani?"

Fabien alinyoosha tai yake.

"Choo kubwa. Leo? Jana?"

"Docteur," Fabien alisema, "sisi kwetu hatuchunguzaki mambo kama ile."

"Na maji? Alikunywa maji?"

Gloire ndiye aliyeeleza habari ya zile siku tatu. Daktari aliandika bila kuinua kichwa, na kalamu ilikuwa ikiikandamiza karatasi. Walimtia dripu, wakavuta maji kidogo ya tumboni kwa sindano, wakachukua damu. Jioni, Charlène naye akiwa amefika, aliwaita wote watatu kwenye korido.

"Mama yenu ini yake imeharibika," alisema. "Ni hépatite, ugonjwa wa ini, pengine ya miaka makumi mbili, hakuna mutu alijua. Sasa musikilize muzuri. Ndani ya matumbo ya kila mutu kuna microbes, mingi sana. Mingi inatusaidia. Lakini zikikula ile tunakula, zinatoa sumu, ammoniaque. Kwa mutu muzima ini inaichuja. Kwa maman haichuji tena. Sumu inapita mu damu, inapanda mpaka kwa ubongo. Ndiyo ile usingizi, ile kulia, ile matusi."

"Lakini ilizidi hizi siku," Gloire alisema.

"Ilizidi juu microbes zimetoka mu matumbo zikaingia mu maji ya tumbo. Mwili ukaanza kupigana. Na mwili ukipigana, ile vita inafika mpaka kwa kichwa. Hata wewe, ukiwa na homa kali, si unakuwa na huzuni bila sababu, hutaki mutu akuongeleshe? Kwake ni mara mia. Tena mukamukausha. Asipopata maji hawezi kwenda choo, na asipoenda choo ile sumu inabaki ndani inajipika."

Charlène alikuwa amesikiliza akiwa ameshika rozari ndani ya mkoba. "Docteur, unataka kusema haikukuwa roho?"

"Ilikuwa mavi, madame," Docteur Agathe alisema. "Ilikawia ndani."

Fabien aliangalia huku na huku koridoni, kuona kama kuna mtu anayemfahamu.

*

Dawa zilikuwa mbili: antibiotique ya kwenye mshipa kwa ajili ya maji ya tumbo, na sirop nzito, tamu, isiyo na rangi, ambayo kazi yake yote ilikuwa kumpeleka mtu chooni. Si mara moja kwa siku. Mara tatu, daktari alisema, kila siku, hadi mwisho wa maisha, na hakutaka kusikia mtu akisema mbili zinatosha.

Siku ya kwanza Gloire alibadilisha mashuka mara tano. Siku ya pili mama alimtambua. Asubuhi ya siku ya nne alimkuta ameketi, miwani usoni, akisoma karatasi iliyotundikwa miguuni mwa kitanda.

"Nani aliandika hii?" Maman Clémence aliuliza.

"Infirmier wa usiku, maman."

"'Hépatique' imekosa h." Akaishusha miwani. "Mwite. Simukasirikie, nataka tu ajue."

Gloire alikaa chini, palepale sakafuni, akalia kwa sauti. Mama alimwekea mkono kichwani. Mkono ule haukutetemeka.

Docteur Agathe hakuwadanganya. Alisema sirop haiponyi ini. Inalinda kichwa, na ini litaenda kwa mwendo wake. Inaweza kuwa miaka, inaweza kuwa miezi. Maman Clémence alimshukuru, akasema kama lazima afe, anapenda awepo siku hiyo akijua jina lake.

*

Fabien alisisitiza arudi Muhumba. Watu walikuwa wamemwona akibebwa kwa shuka. Ilibidi waone pia akirudi kwa gari.

Kwa wiki tatu mzee alikuwa na akili safi, na hilo likawa tatizo jipya. Mama mwenye roho alikuwa akifungiwa. Mama mwenye akili alikaa sebuleni, akasoma gazeti, akauliza maswali, kisha akainuka ghafla katikati ya sentensi na kuharakisha koridoni akishikilia ukuta. Tumbo lilinguruma mbele ya watu. Maji ya bomba yalikuja siku mbili kwa wiki, kwa hiyo kila safari ilikula bidon nzima ya maji. Charlène alinunua désodorisant ya kupuliza yenye harufu ya limau, akawa anaipuliza nyuma ya mzee akipita, kama mtu anayefukuza mbu. Baadaye akamwekea kitanda na ndoo kule annexe, chumba cha uani, na kumweleza kwamba ni kwa ajili ya raha yake.

"Asante, binti yangu," Maman Clémence alisema, na akatumia ile ndoo.

Ndipo Fabien akapandishwa cheo, akawa chef de bureau. Cheo kile kilimpa kiti chenye magurudumu, na yeye akaona kinahitaji réception, karamu ya watu arobaini. Siku tatu kabla, alienda annexe. Hakukaa.

"Maman, ile sirop. Hauwezi kuipumuzisha kidogo? Alhamisi, Ijumaa, na Posho yenyewe ya réception. Siku tatu tu."

"Docteur alisema kila siku."

"Najua alisema. Lakini directeur atakuwa pale. Hotuba inaendelea, wewe unasimama, unatoka, unarudi, unasimama tena... Watu watajiuliza."

"Waniulize. Nitawajibu."

Hicho hasa ndicho alichokiogopa. Alhamisi asubuhi chupa haikuwepo juu ya meza. Fabien alisema imeisha, amezunguka pharmacies zote za mji, hakuna; wataleta Jumatatu kutoka ng'ambo ya mpaka. Maman Clémence alimwamini. Alikuwa amewahi kuwashika mamia ya watoto kwa uongo uliofichwa vizuri kuliko ule, lakini huyu alikuwa wake.

*

Jumamosi alikaa kwenye kiti cha mbele, kitenge kipya, kilemba kimefungwa na mtu mwingine. Wageni walimsifu. Mama mtulivu, walisema. Mama mwenye adabu. Alikuwa ametulia kwa sababu hakujua yuko wapi. Fabien alipita mara mbili kumwangalia, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefanikiwa.

Gloire, aliyealikwa ili apange vinywaji, aliona vidole vya mama vikipigapiga juu ya paja. Aliweka kreti chini.

Hakumfikia kwa wakati. Directeur alikuwa akitamka neno "uadilifu" ndani ya mikrofoni wakati Maman Clémence aliposimama, akaanza kumwita mume wake, aliyekufa miaka kumi na moja iliyopita, aje amtoe kati ya watu hawa asiowajua. Aliita kwa sauti ya uwanja wa shule. Akapiga hatua, akaishika meza, na meza ikaja naye: keki, chupa, picha ya Fabien ndani ya fremu. Alipolala pale chini, maji yalitambaa kutoka chini ya kitenge kipya hadi kwenye viatu vya wageni wa safu ya kwanza, na wageni, watu wote wale waliosoma, wakainua miguu.

"Sirop iko wapi?" Gloire alipiga kelele. "Nani alimupa sirop leo?"

Kutoka mlangoni, Christophe sentinelle, akitazama kofia yake mikononi, akasema, "Iko mu gari ya patron. Chini ya kiti. Niliiona nikiosha."

Fabien alimvuta dada yake kando, mbali na mikrofoni, lakini si mbali vya kutosha.

"Ulitaka nifanye nini? Ulitaka atoke mara saba mbele ya directeur?"

"Ndiyo," Gloire alisema. "Mara saba. Mara kumi."

"Wewe hauelewe vyeo."

"Hapana, kaka. Sielewe."

Aliomba ufunguo wa gari, aichukue ile chupa. Fabien aliutoa haraka, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Christophe alipoteza kazi siku hiyohiyo.

*

Chumba cha Gloire kule Kadutu kilikuwa kimoja, na pazia katikati. Choo kilikuwa chini ya mteremko, ngazi za udongo zenye mawe yanayocheza, na nyumba tano zilikitumia. Alipompeleka mama hospitali na kurudi naye wiki moja baadaye, Gloire alikuwa na hofu moja tu: foleni ya asubuhi.

Siku ya kwanza Maman Clémence alishuka akiegemea fimbo, akakuta watu sita wamesimama na bidon zao. Fundi wa viatu aliyekuwa mbele aligeuka, akamtazama vizuri.

"Si ni maîtresse wetu wa deuxième, alitufundisha kusoma?" akasema. "Mumuachie apite."

Wakamwachia. Tangu siku hiyo, alipoonekana juu ya ngazi, mtu alisema tu "maîtresse", na foleni ikafunguka. Hakuna aliyepuliza limau. Wenyewe walikuwa na matumbo.

Fabien alikaa mwezi na siku kadhaa bila kufika. Alipokuja, alipanguza kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa. Mama yake alikuwa akichambua majani ya lengalenga.

"Umenenepa, maman. Akili imerudi kabisa."

"Imerudi."

"Tunamushukuru Mungu." Alikohoa. "Nimekuja kwa jambo moja. Watu wanaongea. Wanasema kwetu kuna wazimu, wanasema mimi nilifanya hivi, nilifanya vile. Sasa Berger Parfait ametangaza kwamba uliponeshwa. Anasema roho zilitoka, zilikawia tu. Anaomba uje kusali Siku ya Mungu, utoe ushuhuda. Maneno mafupi. Itasafisha jina."

Gloire, kwenye mashine ya kushona nyuma ya pazia, aliacha kukanyaga.

"Chini ya kiti ya mbele ao ya nyuma?" Maman Clémence aliuliza.

"Nini, maman?"

"Sirop."

Fabien aliangalia ukuta. Kulikuwa na kalenda, aliisoma yote. "Ya mbele," akasema mwishowe.

"Na gilasi ile ya maji. Nilikuona mulangoni. Watu wanafikiri mutu akipotea kichwa hata macho yanakufa."

Alingojea. Mtoto wake alikuwa na nafasi kubwa pale ya kusema neno moja. Maneno mengi mengine alikuwa nayo. Alieleza habari ya cheo, ya presha ya kazi, ya Charlène. Maman Clémence alimaliza kuchambua lengalenga, akapanguza mikono.

"Nitakuja," alisema.

*

Ukumbi wa Berger ulijaa. Fabien na Charlène walikuwa mstari wa mbele, kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa kitambaa cheupe. Berger Parfait alimtambulisha mzee kwa dakika ishirini, akaeleza jinsi alivyopigana na roho mbili uso kwa uso, akampa mikrofoni na kubaki karibu, tabasamu tayari.

Maman Clémence aliwatazama watu mpaka wakanyamaza. Hilo alikuwa analijua tangu zamani.

"Mimi naitwa Clémence," alisema. "Niko mugonjwa wa ini, na sumu ya matumbo ilikuwa inapanda kwa kichwa. Watu wa hapa walinifungisha maji siku tatu, nikakaribia kufa. Hospitali walinipa sirop ya kuharisha. Naenda choo mara tatu kwa siku, mara ingine ine. Ndiyo ile iliniponesha kichwa. Kuhara."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Berger alinyoosha mkono kuomba mikrofoni. Mzee aliihamishia mkono wa pili.

"Sijamaliza. Kama nyumbani kwenu kuna mutu macho yake ya manjano, tumbo limejaa maji, na anaanza kusahau, ao kulia, ao kutukana, musimufungie. Musimunyime maji. Mumupeleke kwa docteur, na mumuulize kama anaenda choo. Hakuna haya."

Fabien alikuwa ameinama akikagua kamba za viatu vyake. Charlène alikuwa amemsogelea mtu wa upande wa pili, kana kwamba alikuja naye. Kule nyuma, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Maîtresse. Papa yangu iko vile. Tangu mwezi wa tatu. Iko nyumbani, tulimufunga." Akasita. "Ile sirop inaitwa nani?"

"Uko na kalamu?"

Mwanamke hakuwa nayo. Mtu akampa. Wengine wakatoa simu, wengine Biblia zao, wakafungua ukurasa mweupe wa mwisho. Maman Clémence aliwangojea wote, hata wale wanaochelewa kila mara.

"La," alisema. "Ktu. Lo. Se. Lactulose. Na docteur ndiye anasema kipimo, si mimi, si Berger."

Berger Parfait alimpa ishara kijana wa kinanda, na kijana akaanza wimbo wa sifa, kwa nguvu. Maman Clémence aligeuza kichwa.

"Wewe," alisema, "acha kwanza. Watu wanaandika."

Kinanda kikanyamaza.